Kaniuliza Leo: Baridi Yabisi, Programu za Simu na Daftari la Shangazi

Shangazi yangu anakaa Ng'ambo, hapahapa Tabora mjini, na kwa miaka mingi amekuwa akiuza maandazi na chai ya tangawizi barazani kwake. Mwaka juzi vidole vikaanza kukataa. Si kuuma tu, kukataa. Anaamka saa kumi usiku akande unga, ngumi haikunjiki. Anatumbukiza mikono kwenye maji ya uvuguvugu, anakaa, anasubiri. Mpaka vidole vije kulegea ni saa kumi na mbili, na wateja wa asubuhi wameshaenda kwa jirani.

Alipata vipimo, akapata dawa, akapangiwa kurudi hospitali kila baada ya miezi mitatu. Safari moja nilimsindikiza. Foleni tangu saa moja, zamu yake ikafika saa sita na nusu. Daktari, kijana mpole tu, akamuuliza, "Mama, unaendeleaje?" Shangazi akajibu, "Sijambo baba, namshukuru Mungu." Nikamgeukia kwa mshangao. Wiki tatu kabla ya siku ile huyuhuyu alishindwa kufunga kitenge kiunoni, binti wa jirani ndiye aliyekuja kumfunga. Dakika chache tukatoka, dawa zilezile.

Nje nikamuuliza, "Shangazi, mbona hukusema?"

"Leo sijambo kweli, mwanangu. Kaniuliza leo."

Jibu hilo lilinikaa kichwani kuliko somo lolote la muhula ule. Mimi nasomea ualimu, si udaktari, lakini hata mwalimu anajua huwezi kumpima mwanafunzi kwa siku moja ya mtihani ukadhani umejua alivyosoma muhula mzima. (Sawa, vyuo vyetu ndivyo vinavyofanya. Tuyaache hayo.) Nikaanza kutafuta kama kuna programu ya simu inayoweza kumsemea shangazi siku zile ambazo daktari hamwoni. Zipo, tena nyingi. Nilichojifunza nikijaribu kuzitumia Ng'ambo ndicho ninachotaka kuwaeleza, likiwemo kosa moja ambalo lingeweza kumuua.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe, maana mtaani "viungo" ni gunia moja lililotiwa kila kitu. Kuna magoti kusagika, uchakavu wa uzee au wa mizigo: gegedu linalika, goti linauma ukilitumia, ukipumzika linapata nafuu, na ukakamavu wake wa asubuhi huisha upesi, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Kuna gauti, inayokuja usiku ghafla, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, kikawa chekundu hata shuka hutaki ligusie. Na kuna kundi ambalo kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayogeuka. Badala ya kupigana na vijidudu inashambulia utando laini unaozunguka kiungo. Utando unavimba, unapata joto, unajaa maji, na ukiachwa unakula mfupa. Maarufu zaidi katika kundi hili ndio tunaouita baridi yabisi. Hupenda vidole, viganja na nyayo, na huja pande zote mbili: ukiwa mkono wa kulia, na wa kushoto nao umo. Ukakamavu wa asubuhi unaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na tofauti na kusagika, kukaa tu ndiko kunakozidisha, kutembeatembea kunapunguza. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na si ugonjwa wa wazee peke yao. Unaweza kumwanza mtu akiwa na miaka 25. Upo pia wa mgongo, unaowaanza zaidi vijana: maumivu ya kiuno yanayokuamsha alfajiri na kupungua ukifanya mazoezi. Kama unao huo kwa miezi na unasingizia mabenchi ya ukumbi wa mihadhara, hebu nenda ukapimwe.

Jina "baridi yabisi" lina hadithi yake. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Tabibu wa zamani waliofuata elimu ya Wayunani na Waarabu waliupanga mwili kwa sifa nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Maradhi yakawa ni sifa iliyozidi. Kwa hiyo jina la ugonjwa lenyewe ni utambuzi wa daktari wa karne nyingi nyuma: umepatwa na baridi na ukavu. Jina zuri, ila linapotosha. Shangazi kwa mwaka mzima alijitibu baridi. Alivaa soksi, alijipaka mafuta ya moto, aliacha kuoga asubuhi, na huku moto uko ndani unaendelea kuunguza viungo. Madaktari husisitiza kwamba miezi ya mwanzo ndiyo ya dhahabu. Dawa ikianza mapema, kiungo kinaokoka. Mfupa ukishalika haurudi.

Sasa, ugonjwa huu unafuatiliwaje? Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotosha. Hospitali kubwa duniani hutumia hesabu inayoitwa DAS28. Daktari anabonyeza viungo 28: mabega, viwiko, viganja, magoti, na vifundo 20 vya vidole vya mikono. Anahesabu vinavyouma, anahesabu vilivyovimba, anachukua kipimo cha damu cha uvimbe, kisha anamuuliza mgonjwa mwenyewe anajionaje. Vyote vinaingia kwenye kanuni, inatoka namba. Lengo ni kushusha namba hiyo, na isiposhuka dawa inabadilishwa au kuongezwa. Angalia kitu kimoja: katika viungo hivyo 28 hakuna nyayo wala vifundo vya miguu. Mtu wa Ng'ambo anayekwenda sokoni kwa miguu anaweza kuwa na nyayo zinazowaka na namba yake ikasomeka nzuri.

Kipo kipimo chepesi zaidi, RAPID3, kisichohitaji damu wala kubonyezwa. Mgonjwa anajibu mambo matatu tu: anaweza kufanya nini, maumivu yako kiasi gani, na kwa jumla anajionaje. Kila jambo lina alama 10, jumla 30. Ukipata 3 kushuka chini umetulia, zaidi ya 12 hali ni mbaya. Hiki ndicho kinachofaa kuingia kwenye simu, na programu nyingi zimejengwa juu ya maswali ya aina hii. Marekani ilikuwepo ArthritisPower, ambako wagonjwa walijaza hali zao na wakikubali taarifa zao zilitumika kwenye utafiti. Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walitengeneza mfumo wanaouita REMORA. Mgonjwa anaulizwa maswali machache kila siku, mengine kila wiki, mengine kila mwezi, na majibu yanaingia moja kwa moja kwenye jalada lake hospitalini. Akifika kliniki, daktari anafungua grafu, anaona mlima wa tarehe fulani, anauliza, "Hapa kulitokea nini?" Hapo mgonjwa hawezi kusema sijambo ikaisha. Kumbukumbu ya maumivu ni shahidi mbovu, kila mtu anajua: inashika siku iliyouma kupita zote na siku ya mwisho, za katikati inazitupa.

Zamani msafara wa wapagazi kutoka Bagamoyo ulitumia karibu miezi mitatu kufika Tabora, na habari za pwani zilifika zimeshachacha. Habari za vidole vya shangazi nazo zinamfikia daktari kwa mwendo huohuo. Wataalamu waliobobea katika maradhi haya nchini ni wachache sana, wengi wako hospitali kubwa za rufaa, na kutoka huku kwenda Bugando, Mwanza, ni nauli na siku nzima barabarani au kwenye treni. Kwa hiyo ukiniuliza kama wazo la programu linatufaa, nasema linatufaa sisi kuliko hata wao.

Basi nikaunga bando, nikashusha programu mbili kwenye simu yangu, maana shangazi ana kitochi. Jioni nikakaa naye barazani, nikasoma maswali nikiyatafsiri.

"Je, unaweza kuingia na kutoka kwenye gari?"

"Gari la nani?"

"Je, unaweza kufungua pakiti mpya ya maziwa?"

"Maziwa ananipimia mama wa Kisukuma kwa kikombe."

"Je, unaweza kuingia kwenye beseni kubwa la kuogea, ukakaa, ukaoga?" Hapo akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka.

Sikujua wakati ule kwamba maswali hayo ni ya heshima kubwa. Yametoka kwenye dodoso lililotungwa Chuo Kikuu cha Stanford na kuchapishwa mwaka 1980, na linatumika ulimwenguni kote hadi leo kupima uwezo wa mgonjwa wa viungo. Halina kosa kwa Stanford. Lakini kwa shangazi nusu ya maswali yake hayana pa kushika, na swali lisilo na pa kushika hujibiwa ovyo. Ukiandika "naweza" kwa sababu hana gari, umempa alama za uzima ambazo hana. Hata watu walioufanyia kazi ugonjwa huu hapa nchini, watafiti wa KCMC Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliochunguza maradhi ya viungo wilayani Hai, walitumia uchunguzi mfupi uitwao GALS, ambao moja ya maswali yake matatu ya asili linauliza kupanda na kushuka ngazi. Nyumba ya shangazi, kama zilivyo nyingi za Ng'ambo, ina ngazi moja, ya kutokea barazani.

Tukayatupa. Nikamwambia, "Shangazi, wewe mwenyewe niambie. Siku mkono ukiwa mbaya, ni kitu gani huwezi?" Hakufikiri mara mbili. Kukamua nguo. Kukanda unga. Kuinua ndoo ya lita 20 kutoka chini mpaka kichwani. Kuchuchumaa chooni na kuinuka bila kushika ukuta. Kufunga kitenge. Maswali matano, yote ya kila siku. Tukaongeza maumivu kwa alama 0 mpaka 10, na la mwisho: vidole vimefunguka saa ngapi? Swali hili la asubuhi tukaliita "mwangaluka", kwa ile salamu ya Kinyamwezi.

Sasa kosa langu. Dawa aliyoandikiwa ni methotrexate, ambayo ndiyo nguzo ya matibabu haya karibu kila nchi. Inanywewa mara moja kwa wiki. Narudia: kwa wiki. Yeye siku yake ni Jumapili. Pamoja nayo hupewa foliki asidi, ya siku nyingine, ili kupunguza madhara. Mimi kwa ujuaji wangu nikaweka kengele ya kumkumbusha dawa kwenye kitochi chake, na kwa mazoea ya vidole nikachagua "kila siku", saa mbili usiku. Dawa gani hainywewi kila siku? Jumatatu ikalia. Shangazi akachukua pakiti, akaitazama, akanipigia. "Mwanangu, simu inaniambia ninywe, lakini mimi nimekunywa jana. Nani mkubwa, simu au daktari?"

Nilipokwenda kusoma usiku ule mwili ulinisisimka. Kunywa methotrexate kila siku badala ya kila wiki ni kosa linalojulikana sana katika tiba, na limeua watu katika nchi mbalimbali. Kinywa kinatoka vidonda, uboho unashindwa kutengeneza chembe za damu, maambukizi madogo yanageuka makubwa. Ndiyo maana mtumiaji wake anapaswa kupimwa damu na ini mara kwa mara, hatakiwi kushika mimba akiwa anaitumia, na pombe ni ya kuogopwa. Nimefuta kengele. Kwenye daftari tumeandika JUMAPILI kwa wino mwekundu, juu ya kila ukurasa. Tangu hapo, programu yoyote ya viungo ninayoonyeshwa naangalia jambo hili kwanza: je, inajua kwamba kuna dawa ya wiki? Kama haiwezi kutofautisha, hata iwe na rangi nzuri namna gani, sitaiweka kwenye simu ya mtu.

Ndiyo, nimesema daftari. Simu yangu ilikuwa na mimi chuoni, yake haina pa kuweka programu, na bumu likichelewa bando halipo. Nikanunua daftari la kurasa 96, nikachora mistari, nguzo kwa kila swali. Anaweka alama ya vema akiweza, mkasi akishindwa, na namba za maumivu na saa. Dakika moja kila jioni. Jumamosi ananitumia kwa ujumbe wa kawaida mstari mmoja wa wiki, mimi naingiza kwenye jedwali la kompyuta maktaba na grafu inajichora. Hiyo ndiyo programu yetu. Mwenzangu mmoja wa kozi ya kompyuta aliniambia huo ni ushamba. Labda. Lakini malalamiko makubwa juu ya programu za afya kokote ni kwamba watu wanaziacha baada ya wiki chache, na shangazi kwa miezi mitano aliruka siku nne tu, mbili zikiwa za msiba.

Kilichotokea mwezi wa tatu ndicho kilichonifanya niandike haya. Yeye alikuwa na hakika kwamba adui ni baridi ya Juni na Julai, zile asubuhi za Tabora zenye upepo mkavu unaopasua midomo. Sikumbishia kabisa, maana hata Waingereza wamelichunguza jambo hili kwa simu. Chuo hichohicho cha Manchester kiliendesha utafiti ambao watu wenye maumivu ya kudumu walijaza hali zao kila siku huku simu ikirekodi hali ya hewa ya mahali walipo. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2019 kwa taarifa za watu 2,658, yalionyesha kwamba siku zenye unyevu mwingi, upepo na mgandamizo mdogo wa hewa ziliendana na maumivu zaidi. Uhusiano upo, lakini si mkubwa. Ona pia kwamba ni unyevu uliotajwa, si ukavu. Yabisi imeanguka mtihani huo.

Grafu ya shangazi ilikuwa na milima miwili. Mmoja mdogo ulikuwa Juni, haya, baridi ichukue sifa yake. Wa pili ulikuwa mkubwa, wa mwishoni mwa Agosti, jua kali, hakuna baridi wala wingu. Siku 11 mfululizo za mikasi, "mwangaluka" ikisoma saa tatu, saa tatu na nusu. Nikamuuliza kulitokea nini. Akanyamaza, akachambua mchele muda mrefu. Mwishowe akasema alikuwa ameanza kunywa nusu ya vidonge, tangu Julai, ili visiishe kabla ya tarehe ya kliniki, kwa sababu mara ya mwisho alirudishwa dirishani akaambiwa anunue nje na hela hakuwa nayo.

Fikiria angekwenda bila karatasi. Ama angesema sijambo, ama angesema naumwa, na daktari kwa haki kabisa angedhani dawa imemshinda, akaongeza nyingine, kali zaidi na ghali zaidi. Kumbe dawa haikuwa imeshindwa, ilikuwa imekatwa katikati. Safari hii tulikwenda na ukurasa mmoja uliochapwa. Daktari aliutazama kama dakika mbili, kidole chake kikasimama Agosti. Maongezi yakawa ya namna nyingine kabisa: vidonge vinapatikanaje, nani anaweza kumnunulia mapema zikikosekana, kipimo cha damu cha mwisho kilikuwa lini. Kiasi cha dawa hakikubadilika. Sisi ndugu tulibadilika, tumegawana miezi ya kununua, na mimi wangu ni Novemba.

Neno kwa wale mnaosoma kompyuta na mnaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Nafasi ipo wazi. Lakini kabla ya kuandika hata mstari mmoja, kaeni barazani na wagonjwa watano mwaulize hawawezi nini. Wekeni dawa ya wiki. Ifanye kazi bila bando, kwa ujumbe mfupi. Mwisho, jiulizeni nani atasoma. Taarifa zikikaa kwenye simu bila daktari kuziona ni shajara tu. Madaktari wa viungo wa Ulaya, kupitia umoja wao EULAR, wameshatoa mwongozo kwa watengenezaji, wakitaka programu iseme wazi nani kaitengeneza, habari zake zimetoka wapi, na taarifa za mgonjwa zinalindwaje. Hapa kwetu hilo la mwisho si hiari tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na kuzikusanya bila ridhaa ni kosa. Mimi mwenyewe nilimsomea shangazi makala hii kabla ya kuileta kwa wahariri. Alitoa mambo mawili, hayapo humu.

Programu wala daftari havibonyezi kiungo, havipimi damu, havijui kama joto la goti ni ugonjwa uleule au ni usaha wa maambukizi unaohitaji hospitali leo leo. Goti moja likivimba ghafla na homa, usijaze fomu, panda boda.

Daftari la pili limeanza Januari. Safu mpya ameichora mwenyewe, kwa rula ya mjukuu wake, na imepinda kidogo. Ameiandika "pete". Anajaribu kuvaa pete ya ndoa kila asubuhi, anaandika imefika wapi: ncha, kifundo, au ndani. Nilipomwonyesha daktari safu hiyo aliomba apige picha, na shangazi akamuuliza kwanza picha itakwenda wapi.